Kwa nini saiba yangu ilibaki na eneokazi la zamani

Vijana wanaokuja kunisaidia saibani, hapa Kayole, Nairobi, huniuliza swali lile lile wakishaketi mbele ya mashine: mbona kompyuta zako zina sura ya zamani? Wanaona ukanda wa juu wenye menyu, ukanda wa chini wenye orodha ya madirisha, katikati picha moja tulivu, na wanadhani sijasasisha chochote tangu enzi za Kibaki. Mashine zimesasishwa. Sura, yaani eneokazi linaloonekana kwenye skrini, ndiyo niliyokataa kubadilisha, na sababu yangu ni ya kazi kabisa: mtu anayelipia kiti kwa dakika hapaswi kujifunza upya mahali pa kila kitu eti kwa kuwa toleo jipya limetoka.

Nilianza na kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, zile zilizokuwa zikiuzwa Luthuli Avenue na mitaa ya karibu: Pentium 4, kumbukumbu ya megabaiti 512, na kioo kile kinene chenye mgongo. Pesa za leseni sikuwa nazo, na nakala za wizi sikuzitaka. Miaka hiyo kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Huduma yenyewe iliitwa ShipIt, ikadumu kuanzia 2005 hadi Aprili 2011. Watu waliozoea intaneti ya leo hawawezi kujua uzito wa bahasha ile. Kebo ya intaneti ya SEACOM, inayopita chini ya bahari, ilianza kazi Julai 2009; kabla ya hapo saiba nyingi mjini zilitegemea setilaiti, na kupakua faili ya megabaiti 700 kulimaanisha kuwanyima wateja mtandao mchana kutwa.

Eneokazi lililokuwa ndani ya CD ile ni GNOME 2. Mfululizo wake ulianza Juni 2002 na toleo la mwisho, 2.32, likatoka Septemba 2010, na muda wote nilioitumia umbo lake halikuyumba. Juu kushoto menyu tatu: Programu, Mahali, Mfumo. Ukibofya Programu, unakuta vitu vimepangwa kwa kazi zake, vya ofisi peke yake, vya intaneti peke yake, vya picha peke yake. Ukibofya Mahali, unaona folda zako na flashi uliyoichomeka sasa hivi. Mfumo una mipangilio, na mwisho kabisa kuna kuzima. Juu kulia saa, sauti na mtandao. Chini, kila dirisha ulilofungua lina kisanduku chake chenye jina la faili. Ukilishusha dirisha, kisanduku kinabaki palepale. Ukikibofya, kazi yako inarudi.

Ukieleza hivi inaonekana ni jambo la kawaida mno. Lakini fikiria anayeketi pale. Mama anayeuza mitumba Gikomba anakuja na mwanawe kujaza fomu ya mkopo wa masomo wa HELB. Askari wa usiku anataka CV ibadilishwe namba ya simu tu. Mzee amepoteza PIN yake ya kodi ya KRA. Hawa hawana kompyuta nyumbani. Wanakuja mara moja kwa mwezi, wengine mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Juni, wakati wa kuwasilisha ritani za kodi. Wachache waliowahi kufundishwa kompyuta walifundishwa kwa Windows XP, shuleni au kwenye vyuo vidogo vya mtaani. Kwenye GNOME 2 waliketi, wakatazama, wakasoma majina ya menyu, wakabofya. Bei yangu ilikuwa shilingi moja kwa dakika, bei ya saiba nyingi wakati ule. Dakika tano za kutafuta dirisha lililopotea ni shilingi tano za mtu huyo, na ukurasa wa fomu ukikaa mno bila kuguswa unamtoa, anaanza upya na anazilipia dakika zile mara ya pili. Mbunifu anayekaa na kompyuta yake mwenyewe hahesabu gharama hiyo. Mimi nilikuwa naiona ikiandikwa kwenye daftari langu.

Kisha ukafika mwaka 2011. Tarehe 6 Aprili ilitoka GNOME 3.0, na mwezi huohuo Ubuntu 11.04 ikaja na eneokazi lake jipya, Unity. Katika GNOME 3.0 ukanda wa chini wenye orodha ya madirisha uliondolewa. Vitufe vya kushusha na kukuza dirisha viliondolewa pia, kikabaki cha kufunga peke yake. Menyu ya programu haikuwepo tena. Ulipeleka kipanya kwenye kona ya juu kushoto, skrini nzima ikageuka, ukaona madirisha yote yamepunguzwa na mahali pa kuandika jina la unachotafuta. Mabishano yalikuwa makali dunia nzima. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, alisema hadharani kwamba halimfai, akahamia Xfce, eneokazi jingine la Linux, kwa muda.

Sikutaka kufuata mkumbo wa mabishano ya watu wa mbali. Nilichukua Fedora 15, mfumo mwingine wa Linux, iliyotoka Mei mwaka ule ikiwa na GNOME 3, nikaiweka kwenye mashine moja yenye kadi nzuri ya grafiki, nikaiacha wateja waitumie. Aliyenifungua macho ni mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea kuja jioni kuchapa mitihani. Alikuwa amechapa nusu ya maswali, akafungua intaneti aangalie barua pepe, na ukurasa ukajaza skrini yote.

"Kijana, mtihani wangu umeenda wapi?"

"Upo, mwalimu. Uko nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Nikamwonyesha kona. Akasukuma kipanya hadi pale, madirisha yakapungua na kutandazwa, akauona mtihani, akaubofya kwa furaha. Mara intaneti nayo ikawa haionekani. Akanigeukia tena. Nikamweleza kona mara ya pili, akatoa kalamu na kuandika hatua zenyewe nyuma ya karatasi ya silabasi. Wiki iliyofuata alipoingia, aliniomba kwa upole nimpe mashine mojawapo ya zile nyingine.

Mwalimu yule alikuwa akifundisha hesabu darasa la nane. Hakuna mtu atakayeniambia tatizo lilikuwa akili yake. Kwenye eneokazi la zamani jina la mtihani wake lilikuwa limeandikwa chini ya skrini muda wote, hata alipokuwa akisoma barua. Kwenye lile jipya alitakiwa kukumbuka kwamba mtihani upo, akumbuke kwamba kuna kona, akumbuke kona inafanya nini. Kinachoonekana hakikulazimishi kukumbuka, na kwa mtu asiyegusa kompyuta kila siku tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataondoka na kazi yake mkononi au la.

Jambo la pili lilijitokeza stima ilipopotea. Kila mwenye saiba Nairobi anaijua sauti ya UPS, ile betri ya akiba, inapoanza kulia: una dakika chache za kuwaambia watu wahifadhi kazi, kisha uzizime mashine moja baada ya nyingine kabla betri haijaisha. Kwenye GNOME 2 hata mteja angeweza kunisaidia, kwa sababu kuzima kulikuwa mwisho wa menyu, kumeandikwa. Kwenye GNOME 3.0 menyu ya mtumiaji ilionyesha kuilaza kompyuta tu. Neno la kuzima lilijitokeza pale tu ulipobonyeza Alt ukiwa umeifungua ile menyu. Hoja ya waliobuni ilikuwa kwamba mtu wa kawaida anafunga kompyuta yake ya mkononi na kwenda zake. Ni hoja ya kweli kwa kompyuta yenye betri ndani. Kwa kompyuta ya mezani ambayo UPS yake inakaribia kukata roho, kulala ni kuzimika ghafla kwa kuchelewa. Matoleo ya baadaye yalikirudisha kitufe mahali pa wazi, nami nilifurahi kuona hivyo, ila kufikia wakati huo nilikuwa nimeshaamua.

Na mashine zenyewe hazingeweza. GNOME Shell, yaani ile sura mpya ya GNOME 3, ilihitaji kadi inayoweza kuchora kwa njia ya vipimo vitatu, na grafiki ya kwenye ubao wa zile Pentium nyingi haikuwa na uwezo huo. Kwa mashine za aina hiyo GNOME 3 ilikuwa na hali ya akiba iliyofanana na mfumo wa zamani kwa macho, lakini hata kuongeza kitu kwenye ukanda ulilazimika kushika Alt ndipo ubofye kulia. Machi 2013, katika toleo la 3.8, hali hiyo nayo iliondolewa.

Nisiwanyime haki yao waliotengeneza GNOME 3. Msingi wa zamani ulikuwa umebeba vipande vingi vilivyochakaa ambavyo kila aliyegusa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, alilalamika kuvitunza, na wazo la kumwondolea mtu vurugu mbele ya macho ni wazo zuri. Mpwa wangu anaitumia kwenye kompyuta yake ya chuo na anafanya kazi kwa kasi ambayo mimi siifikii. Anabonyeza kitufe kimoja, anaandika herufi tatu, programu imefunguka.

"Mjomba, wewe hutaki tu kubadilika," aliniambia siku moja.

Nikamwomba akae saa moja kwenye kiti changu cha mbele, ahudumie wateja. Alikaa. Kila aliyeingia hakujua programu anayoitaka inaitwaje. Alijua tu anataka kuandika barua, au kuona matokeo ya KCSE. Huwezi kuandika herufi tatu za jina usilolijua. Menyu iliyopangwa kwa kazi inamfaa mtu huyo kwa sababu inampa majina asiyokuwa nayo. Mpwa wangu bado anapenda GNOME yake, na ni sawa, maana yake ni mashine ya mtu mmoja, anayeishi nayo.

Kwa muda nilibaki na Ubuntu 10.04, toleo la Aprili 2010, la mwisho la kutunzwa kwa muda mrefu lenye GNOME 2. Hapo ndipo watu wengi wanaopenda vya zamani huishia, wakakaa wakidhani wamesalimika. Lakini masasisho ya usalama ya toleo hilo kwa kompyuta za mezani yalikoma Mei 2013. Saiba ni mahali ambapo mtu anaandika nywila ya barua pepe yake, PIN yake ya KRA, namba yake ya kitambulisho, akiamini kwamba mwenye mashine ameilinda. Huduma za serikali zilikuwa zinahamia mtandaoni kwa kasi, iTax kisha eCitizen mwaka 2014. Kumpokea mama na siri zake kwenye mfumo usiozibwa matundu lingekuwa kosa ambalo upendo wangu kwa sura fulani usingelihalalisha. Nilitaka sura ileile, juu ya mfumo mpya.

Nilijaribu Xfce, nikaipenda kwa wepesi wake, na mashine dhaifu kuliko zote niliiacha nayo. LXDE ni nyepesi zaidi, ila ilikosa vitu vidogo vidogo nilivyovihitaji. Kilichonitatulia shida ni MATE.

Mwaka 2011, mara tu GNOME 2 ilipoachwa, mtumiaji mmoja wa Arch Linux kutoka Argentina, anayejulikana kwa jina la Perberos, aliuchukua msimbo wake na kuuendeleza. Akauita MATE, jina la kinywaji cha majani kinachopendwa Amerika Kusini. Kwa kuwa ni programu huria, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuchosha: kubadilisha majina ya karibu kila sehemu, maana GNOME 2 na GNOME 3 zilitumia majina yaleyale na hazikuweza kukaa pamoja kwenye mashine moja. Nautilus, inayofungua mafaili, ikawa Caja. Gedit ikawa Pluma. Evince, ya kusomea PDF, ikawa Atril. Linux Mint ikaiunga mkono mapema, na Mei 2012 ikatoa Mint 13 yenye MATE, juu ya msingi wa Ubuntu 12.04, ikiwa na masasisho hadi 2017. Hiyo ndiyo niliyoiweka.

Nilihamisha mashine zilizobaki usiku wa Jumamosi. Mint huja na ukanda mmoja tu chini, kwa hiyo nilikaa hadi alfajiri nikipanga: ukanda wa juu, menyu tatu, saa kulia, orodha ya madirisha chini. Jumatatu nilifungua mlango na kusubiri malalamiko. Hakuna mteja aliyeuliza lolote. Mwalimu alikuja jioni, akafungua mtihani wake, akasoma barua pepe, akarudi kwenye mtihani, akachapisha, akalipa, akaenda. Chini ya mikono yake kila kitu kilikuwa kimebadilika, na hakupoteza hata dakika moja. Sijawahi kujivunia kazi yangu ya ufundi kama siku hiyo.

Wenzangu wenye saiba walianza kunitafuta Aprili 2014, Microsoft ilipoacha kuitunza Windows XP. Walikuwa na mashine kama zangu, zisizobeba Windows mpya, na wateja kama wangu. Niliwawekea MATE, na jambo nililowasisitizia zaidi ni kufunga ukanda. Mteja akibofya kulia bila kukusudia anaweza kuufuta, na anayekuja baada yake akakuta skrini tupu. MATE huhifadhi mipangilio yake ndani ya ghala liitwalo dconf, na dconf inakuruhusu kuorodhesha mipangilio ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Nilifunga ukanda, picha ya nyuma, na mahali pa menyu. Kisha nikatengeneza akaunti ya mteja ambayo folda yake hufutwa na kurudishwa upya kila anapotoka, ili barua ya mtu isisomwe na atakayeketi baada yake. Mambo haya hayaonekani na hayasifiwi, lakini ndiyo yanayofanya kompyuta kumi na tano zifanane kila asubuhi.

Waliokuwa wakiniambia kwamba MATE ni jumba la makumbusho walipaswa kuangalia ndani yake. Toleo la 1.18, la Machi 2017, lilikamilisha kuhamia GTK 3, maktaba ileile ya kuchorea madirisha na vitufe iliyokuwa msingi wa GNOME mpya. Viungo vilibadilishwa kimoja kimoja huku nje kukibaki vilevile. Mwaka huohuo Ubuntu iliachana na Unity ikarudi GNOME katika toleo la 17.10, lakini haikuiweka ilivyo: iliongeza ukanda wa kushoto unaoonyesha programu zilizofunguliwa wakati wote, na vitufe vya kushusha na kukuza dirisha vikawepo. Nilipouona ukanda ule niliwaza kwamba kuna watu wengine, mbali na Kayole, waliokuwa wamesikia swali la mwalimu wangu.

Leo saiba imepungua watu. Kijana mwenye simu nzuri anajaza fomu zake matatuni. Wanaobaki kuja ni wale wale ambao eneokazi hili liliwafaa tangu mwanzo: wazee, akina mama wenye karatasi nyingi za kuskani, walimu wenye majedwali, watu ambao kioo cha simu hakiwatoshi. Kwa hiyo haja haijapungua hata kama idadi imepungua.

Linalonisumbua sasa ni kwamba watengenezaji wa MATE ni wachache, na toleo la 1.28 lilitoka Februari 2024 baada ya kungojewa tangu Agosti 2021. Mifumo mikubwa inahama kutoka X11, njia ya zamani ya kuchora vitu kwenye skrini, kwenda Wayland, iliyo mpya, na MATE kwa sehemu kubwa bado inasimama juu ya X11. Kazi ya kuivusha imeanza ila inakwenda polepole. Nikipata faida ya kutosha huwatumia mchango, na ninamhimiza kila mwenye saiba anayeitumia afanye hivyo, kwa sababu tunachokula kinatoka kwenye mikono yao.

Wakati huohuo mashine ya kona, karibu na printa, nimeiwekea Xfce 4.20, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na hatua za kwanza za Wayland. Nimeipanga vilevile: menyu juu, madirisha chini, kuzima mahali pake. Tofauti ipo kwenye upana wa vitufe na kwenye menyu ya Mahali, ambayo bado sijaipata ninavyoitaka. Kabla ya msongamano wa Juni nitawakaribisha wateja pale bila kuwaambia chochote, niketi kwenye meza yangu, nihesabu wangapi wananiita.